Nimealikwa misheni ya wiki mbili Likoma, niende mwenyewe au niitume hiyo nauli?

#1 fundi_sola_mbweni
Salaam wote humu. Naomba mawazo yenu Wakristo kwa Waislamu, maana naona jambo lenyewe linatugusa sote.

Mimi ni fundi umeme, zaidi sola na pampu za maji, nakaa Mbweni, Unguja. Vijana wa kanisani kwetu tunakwenda kisiwa cha Likoma, Malawi, mwezi wa nane, wiki mbili za kujitolea. Kazi ni kupaka rangi skuli, mchana kucheza na watoto, jioni ibada na kwaya. Tuko kumi na wawili na kila mmoja anatoa laki tisa, nauli, chakula na akiba ya njiani. Mama ananiambia nenda mwanangu, hujawahi kuvuka mpaka hata mmoja. Lakini nikipiga hesabu jumla ni milioni kumi na laki nane, najiuliza hizo zikitumwa kule wangepaka skuli ngapi.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Miaka mitatu nyuma sisi ndio tulikuwa wenyeji. Kilikuja kikundi cha ng'ambo siku kumi, kikapaka ukuta wa darasa la watoto wetu wa Jumapili, buluu nzuri inang'ara, wakachora na samaki. Watu wema wale, siku ya kuondoka walilia na sisi tulilia. Masika ya pili rangi ikaanza kufura. Ukiigusa kwa kidole inabonyea kama lengelenge, ukisukuma kidogo inapasuka, unamwagika unga mweupe mpaka chini sakafuni. Sasa samaki wote wameanguka imebaki mikia. Na mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyeugusa ule ukuta, tunaupita tu kila Jumapili. Kwa nini kazi ya wageni inaishia hivi, na kwa nini sisi wenyewe hatukuurekebisha? Sitaki kwenda kuwafanyia watu wa Likoma hayo hayo.

#2 mtoto_wa_kisima
Nenda kaka, mengine utayafikiria ndani ya boti. Halafu Likoma si iko huku kwetu Ruvuma, Malawi imetoka wapi?

#3 Nahodha_Funguni
#2 hapana somo. Likoma ni ya Malawi ingawa ukiangalia ramani utaona imezungukwa na maji ya Msumbiji, iko karibu kabisa na pwani ya Msumbiji kuliko ya Malawi kwenyewe. Wewe unaifikiria Mbamba Bay, hiyo ndiyo Ruvuma.

Njia yake fundi ni ndefu jitayarishe. Boti mpaka Dar, basi mpaka Mbeya, unateremka Kyela, unavuka Kasumulu, halafu Karonga, Mzuzu, Nkhata Bay, hapo ndio unaingia meli ya Ilala kuvuka ziwa. Meli ile ni ya zamani kuliko wazee wengi humu na ratiba yake inategemea Mungu na injini. Katika wiki mbili zako hesabu siku za njia kwanza, kwenda na kurudi. Utabakiwa na ngapi za kazi?

#4 chokaa_na_boriti
Mimi fundi wa nyumba za Mji Mkongwe, kazi hii nimerithi kwa baba. Kaka #1 nikuulize, ukuta huo ni wa mawe ya pwani na chokaa, wa zamani?

Maana kama ni huo basi jibu lako ni jepesi. Ukuta wa chokaa unapumua, unavuta unyevu toka chini unautoa kwa nje, na unyevu wa kwetu una chumvi. Ukipaka rangi ya plastiki umeuziba pua. Maji hayana pa kutokea, yanakusanyika nyuma ya rangi, chumvi inaota, inasukuma. Huo unga mweupe uliouona ndio chumvi yenyewe. Rangi ilikuwa nzima na mkono uliopaka hauna kosa, ukuta ndio ulikabwa. Ilitakiwa chokaa iliyozimwa ikalowekwa muda mrefu, inapakwa nyepesi nyepesi mara tatu nne, na kila baada ya muda unarudia. Haing'ari kama buluu ya kopo ila inakaa na ukuta wake.

#5 fundi_sola_mbweni
#4 ahsante sana fundi. Ndiyo, ukuta wa zamani, wa enzi za wamisionari wale wa kwanza wa Mbweni.

Sasa umenitia jambo jengine kichwani. Siku ile wanapaka, kulikuwa na fundi wetu wa kanisa, mtu mzima, kazi yake ni hizo hizo kuta. Alikaa kwenye kivuli cha mwembe akitazama toka asubuhi mpaka adhuhuri. Hakusema neno. Siku hizo nilidhani amechoka.

#6 mchanga_wa_Fumba
Si lazima iwe rangi. Mimi nimeona nyumba mpya kabisa za tofali za saruji, zimepigwa plasta ya mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, nazo zinafura hivyo hivyo. Fundi #4 kila kitu kwako ni chokaa. Inawezekana ukuta ulishazibwa kwa saruji miaka mingi nyuma kabla hao wageni hawajazaliwa, wao wamekuta kosa la wengine wakaliongezea rangi.

#7 chokaa_na_boriti
#6 na hilo lipo, sikatai. Kuta nyingi zimeharibiwa kwa kuzibwa saruji miaka ya nyuma. Lakini wangeuliza wangeambiwa.

#8 Nesi_Chake
Kila jambo likiharibika tunasema wangeuliza. Na sisi tulinyamaza kwa nini?

Nawapa kisa changu. Kituo cha afya kimoja huku Pemba nilikofanya kazi, sikitaji, walikuja wageni wa kanisa fulani la nje wakatufungia sola kwa ajili ya friji ya chanjo. Chanjo mnajua lazima zikae baina ya nyuzi 2 na 8, ikizidi umemdunga mtoto maji. Walifanya kazi usiku na mchana siku sita, mmoja akaanguka darini akateguka mkono na kesho yake karudi na bandeji. Sitosahau moyo ule. Kazi ilikuwa safi kabisa. Mwaka na nusu friji ikazima. Akaja fundi wa Chake akafungua vifuniko vya betri, akaniita nichungulie na tochi. Ndani kukavu. Vile vibati vimeota utandu mweupe kama koga ya mkate. Akaniuliza maji ya betri nani alikuwa anatia? Nikamwambia maji gani. Tulikuwa watumishi watano hapo, hakuna aliyejua kama betri inakunywa maji. Kitabu cha maelezo kipo, kimehifadhiwa vizuri kwenye plastiki yake, lugha yenyewe hakuna wa kuisoma.

Sasa nani mkosa hapo? Wao hawakusema. Na sisi hatukuuliza maana tulikuwa tunashukuru.

#9 Khuruj40
Assalaam aleykum. Mie Muislamu, nimetoka na jamaa wa tabligh, wale wanaosafiri msikiti kwa msikiti kukumbushana dini, mara kadhaa, siku 3, siku 40, na mara moja miezi 4. Nitie langu kwa adabu.

Kwetu kila mtu anatoka kwa mali yake mwenyewe, hachangishi. Mnalala msikitini, sufuria lenu, mchele wenu, mnapika wenyewe, zamu ya kuosha vyombo inamfika mpaka amiri, kiongozi wa msafara. Mwenyeji haumuombi kitu ila wakati wake. Na lengo la kwanza mnaloambiwa ni kujitengeneza wewe unaetoka, kabla ya huyo unaemwendea. Kwa hio mie nikisikia kumi na wawili wanakwenda wiki mbili sioni ajabu wala sioni hasara. Linalonitatiza ni hio rangi. Kama mnakwenda kwa ibada na udugu, nendeni kwa ibada na udugu. Kwa nini lazima muwe na brashi mkononi ndio safari ihesabike?

#10 Dada_Neema
#9 kaka umesema jambo kubwa, nashukuru, na nitakuja na langu jioni nipo kazini.

#11 Msomi_Tunguu
Hilo la gharama lina mfano maarufu. Honduras ilipigwa na kimbunga Mitch mwaka 1998, makanisa ya Amerika Kaskazini yakapeleka vikundi kwenda kujenga nyumba za waliobomolewa. Baadae akaja mtafiti akahesabu. Nyumba ambayo mashirika ya kule kule yaliijenga kwa dola kama 2,000, kikundi cha wageni ukijumlisha nauli na malazi yao iligharimu kama dola 30,000. Ukuta ule ule na bati lile lile. Fundi #1 hesabu yako ya milioni kumi na laki nane ni hiyo hiyo kwa udogo.

Na hapo kwenye "kucheza na watoto" naomba muwe makini kama ni kituo cha yatima. Mwezi wa 12 mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto ambalo limegusa mpaka hii biashara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima, kwamba kuna sehemu watoto wenye wazazi wao wanakusanywa wawekwe vituoni kwa sababu wageni wanapenda kuja kuwaona.

#12 fundi_sola_mbweni
#11 si kituo, ni watoto wa skuli na wazazi wao wapo. Lakini nimelisikia.

#13 mtoto_wa_kisima
#11 ila msomi hizo dola 30,000 unadhani wangebaki kwao wangezituma? Mtu anachanga kwa ajili ya mwanawe anasafiri. Mjomba wake fundi akiambiwa changia rangi ya skuli ya Malawi atatoa elfu mbili, akiambiwa mtoto wa dada yako anakwenda Malawi anatoa elfu hamsini. Na fundi akirudi ana hadithi ya kumsimulia. Hilo mbona hamlihesabu.

#14 Msomi_Tunguu
#13 hoja nzuri na ndiyo wanayoisema wengi wanaotetea hizi safari. Mimi nasema bado fedha ni fedha.

#15 Mwana_wa_Mkunazini
Shikamooni wakubwa. Mnaongea kama misheni ya muda mfupi ni kitu cha juzi, wakati kanisa letu la Mkunazini limesimama kwa mtu aliyekuja kwa muda mfupi! Askofu Steere, askofu wa kwanza wa hapa, hakuja kukaa. Alikuwa na parokia yake Uingereza, alimsindikiza rafiki yake tu. Akaishia kujifunza Kiswahili kwa watu wa mtaani hapa, akaandika kitabu cha sarufi yake, akachapisha kwa mashine ya chapa yeye na vijana, akajenga kanisa pale palipokuwa soko la watumwa, utumwa ulipokomeshwa 1873, na kaburi lake lipo nyuma ya altare mpaka kesho. Kama asingekuja "muda mfupi" hayo yote yasingekuwepo. Fundi nenda, hujui Mungu atakuweka wapi.

#16 Mzee_Kiungani
Mwanangu #15 marahaba. Umesema vizuri ila nirekebishe. Steere alikuwa askofu wa tatu wa misheni yetu, UMCA, ile ya Waanglikana wa Uingereza. Wa kwanza ni Mackenzie, ambae hakufika kufanya kazi hapa kabisa, walikwenda bonde la Shire huko huko Malawi anakokwenda fundi, akafa kwa homa mwezi wa kwanza 1862. Wa pili Tozer, ndiye aliyeihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Steere aliwekwa askofu 1874 na akafa hapa 1882.

Na angalieni ilivyokuwa. Tozer alipofika hapa Sultani Majid alimpa vijana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi 1879. Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyeokolewa utumwani, kasomeshwa Kiungani, skuli ya misheni hapa Unguja, akapadirishwa 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na kazi yake ikawa Chitangali kusini kwa Wayao, miaka na miaka. Masasi yenyewe ilianzishwa 1876 na watu waliotoka hapa Unguja pamoja na Steere, kwa bahari mpaka Lindi, halafu kwa miguu. Kwa hio vijana, Mzanzibari kwenda misheni nchi za watu si jambo geni. Ila wale waliaga kwao. Wewe umekata tiketi ya kurudi.

#17 Yakhe_Wete
Mzee #16 umemrekebisha askofu lakini tarehe umeiwacha. #15 mwaka 1873 lilifungwa soko na biashara ya baharini, utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashamba ya karafuu huku Pemba. Hadhi yake ya kisheria iliondolewa Aprili 1897, na masuria mpaka 1909. Nayajua haya kwa sababu ya Banani. Wale Marafiki, Makwekari, dhehebu la Kikristo la Uingereza, walikuja Pemba mwaka ule ule wa 1897 wakachukua shamba Banani karibu na Chake, wakawaajiri walioachiwa huru, mshahara, skuli, kazi ya karafuu. Kwetu bibi akisimulia kuwa wazee wake walipita pale. Walibaki Waislamu, wakachuma karafuu, wakalipwa. Bibi hakuwasifu sana wala hakuwasema vibaya, akisema tu "wale walikaa".

Fundi suali langu mie si la nauli. Skuli ikipakwa rangi halafu jioni kwaya, watoto wa wasiokuwa Wakristo wataambiwa rangi hii imetoka wapi? Nauliza kwa heshima. Msaada ukifungwa pamoja na mahubiri ni mzigo kwa anaepokea.

#18 fundi_sola_mbweni
#17 kaka nakushukuru kuuliza wazi. Likoma wengi wao ni Waanglikana toka zamani, wana kanisa kubwa la mawe lililoanza kujengwa 1903, kwa hio hatwendi kumbadilisha mtu. Lakini nakubali, rangi haitakiwi kuwa na masharti, na ningechukia mtu angemfanyia hivyo mwanangu hapa.

#19 Mwana_wa_Mkunazini
Ahsante mzee #16 na kaka #17, nimejifunza. Na huko Likoma fundi ukaangalie msalaba wao, wanasema umechongwa kwa mti wa Chitambo, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone.

#20 mtoto_wa_kisima
Si huo uko Mkunazini? Mimi nimeonyeshwa pale tulipokwenda na skuli.

#21 Mzee_Kiungani
Yote miwili inasemwa hivyo. Mti ulikuwa mkubwa.

#22 Dada_Neema
Nimerudi. Hili sijawahi kulisema mahali, kwa hio nivumilieni likiwa refu.

Mimi nilikuwa mkalimani wa vikundi hivi miaka minne, vya makanisa na visivyo vya makanisa. Kijiji kimoja kaskazini, wageni wanajenga choo cha skuli, wamechagua mahali karibu na darasa ili watoto wasitembee mbali. Fundi wa kijiji akaniita pembeni akaniambia, mwanangu waambie pale mvua za masika maji yanatuama, shimo litajaa. Nikamwendea kiongozi wao. Alikuwa amesimama na kikombe cha chai, jua limemchoma mpaka pua inabanduka, anacheka na watoto, na wenzake wameshachimba nusu. Nikamwambia, "Fundi anasema ahsanteni sana, na anaomba muangalie mvua." Akasema of course na kunipa dole gumba. Basi. Yaani maneno ya fundi niliyakamua mpaka yakawa hayana uzito.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana. Sikutaka kumvunja moyo mgeni. Nilitaka niitwe tena kazini. Na nilifundishwa nyumbani kuwa mgeni hasemwi. Choo kilijaa maji masika ile ile. Kwa hio #5 yule fundi wako chini ya mwembe mimi namjua, si yeye lakini namjua. Hakuchoka. Alikuwa anasubiri aulizwe kwa mdomo wa mtu aliye tayari kusikia hapana.

#23 Nesi_Chake
Dada pole. Umenifanya nimkumbuke mama yangu, akipika samaki akimpa mgeni kichwa chote na mgeni hajui kula kichwa, anakirudisha sahani, na mama hasemi kitu.

#24 chokaa_na_boriti
#22 nimesoma mara mbili. Mie pia nimewahi kunyamaza. Si kwa wageni wa misheni, kwa mwenye hoteli. Alikuwa analipa vizuri.

#25 Khuruj40
Basi kumbe tatizo si wageni wala siku zao. Ni sisi tunaowapokea.

#26 Yakhe_Wete
#25 sikubali. Anaekuja na fedha na kamera ndie mwenye nguvu, ndie wa kuuliza kwanza. Huwezi kumtwika fundi maskini mzigo wa kumwambia mgeni tajiri umekosea, kijijini kwake, mbele ya watoto. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe unampa anaekaa siku ya tatu ukishamjua tabia yake. Hawa siku ya kumi wameshapanda ndege.

#27 mama_Kinyasini
Mnisamehe kuingilia. Huku kwetu Kaskazini Unguja upande wa Kinyasini ilifanywa kinyume. Badala ya fundi wa sola kuja, kinamama wa vijijini ndio walipelekwa India, Tilonia huko Rajasthan, miezi sita, wengi hawakusoma sana na Kihindi hawajui. Wakafundishwa kwa rangi za waya na vitu vya kushika mkononi. Wakarudi mafundi. Baadae chuo kikaletwa hapa hapa. Sasa taa ikizima unamwita mwana wa fulani, yupo, anateremka na bisibisi. Fundi #1 wewe unakwenda kufunga au kufundisha?

#28 fundi_sola_mbweni
#27 mama ahsante, hilo limenigonga. Mimi mwenyewe ufundi nilianza ule wakati Unguja nzima ilikaa kizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Jirani yetu alikuwa na jenereta na betri, akaniwekea pale kila siku nimshikie tochi. Hakunifundisha kwa maneno, alinitia kazini. Bila yeye sijui ningekuwa nafanya nini.

#29 Dada_Neema
Na nitetee safari kidogo msije mkadhani nazichukia. Paulo alikaa Korintho mwaka na miezi sita, Matendo 18, akishona mahema kwa mkono wake. Lakini Thesalonike Matendo 17 inataja sabato tatu! Na waumini wa pale waliimarika mpaka akawaandikia nyaraka mbili. Siku chache si dhambi. Ila aliandika. Hakuwapotea.

#30 Mzee_Kiungani
Neema, Thesalonike aliondoka usiku kwa kufukuzwa, si kwa ratiba. Na wapo wanaosema alikaa zaidi ya hizo sabato tatu, maana Wafilipi walimtumia msaada pale zaidi ya mara moja. Luka 10 ndiyo unayoitafuta: wawili wawili, bila mfuko, na mle mnachowekewa. Wawili, si kumi na wawili.

#31 Dada_Neema
Mzee kumi na wawili nao wapo, Mathayo 10.

#32 Mzee_Kiungani
Haya umenipata hapo.

#33 fundi_sola_mbweni
Nina habari mpya, nimeona niwaletee kabla sijalala.

Kutokana na maneno yenu jana nilimtafuta mwalimu wa kule Likoma anaewasiliana na kiongozi wetu. Tuliongea Kiingereza cha kuchanganya na Kiswahili kidogo anachokijua. Baada ya salamu nikamuuliza, nani alichagua skuli ipakwe rangi? Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, barua yenu ilisema mnakuja kupaka rangi, na sisi tukasema karibuni.

Nilikaa na simu mkononi. Kumbe ni sisi. Sio wazungu, sio wageni wa ng'ambo, sisi wa Mbweni na Mkunazini tulioachiwa ukuta wa samaki wasio na vichwa, tumeandika barua ile ile.

Nikamwambia na mimi nina ukuta kwangu umefanywa hivyo, nikamsimulia mpaka mikia ya samaki. Akacheka kweli kweli, na baada ya kicheko ndio akaanza kusema. Skuli haina haja ya rangi. Zahanati iliyo karibu nao ina taa za sola zimekufa, wakunga wanazalisha kwa tochi ya simu. Betri nne, hajui ni za aina gani. Nimemuomba anitumie picha za vifuniko. Nimemuuliza pia kama kuna kijana au mama yeyote anaependa mambo ya waya akasema yupo mmoja, binti wa form three, kila redio ya kijiji inapelekwa kwake.

Nimelipeleka kwenye kikao cha vijana leo. Nusu wamefurahi, nusu wamekasirika, wanasema mimi nimeibadilisha safari yao iwe ya ufundi, na wao hawajui umeme, watafanya nini kule wiki nzima? Sikuwa na jibu zuri.

#34 Khuruj40
Waambie wakapike na waoshe vyombo. Na waimbe. Mwenyewe umesema kuna kwaya.

#35 Yakhe_Wete
Huyo binti ndie safari. Mie naona aende fundi na mtu mmoja, waliobaki watume hela ya betri.

#36 mtoto_wa_kisima
Hapana, wasimpeleke peke yake. Nyie hamjui raha ya kwenda watu kumi na mbili kwenye meli, na kaka huyu hajawahi kutoka. Na kwaya ikibaki Unguja nani atawaimbia kule?

#37 Msomi_Tunguu
Wawili wakienda, laki tisa kumi zinabaki. Milioni tisa. Piga hesabu betri ngapi.

#38 Nesi_Chake
Fundi picha zikija ziweke humu. Kama ni betri za maji usizitupe zote kabla hujapima moja moja, mara nyengine iliyokufa ni moja inazivuta wenzake. Chukua hadromita yako mwenyewe, kile kipimo cha maji ya betri. Na maji ya betri uliza kama yanapatikana Mzuzu au Nkhata Bay, maana yakiwa hayapatikani huko basi hata ukifufua zitakauka tena. Andika kwa lugha yao, Chinyanja, ubandike ukutani: kila mwezi fungua, tazama, tia. Muombe huyo binti aandike kwa mkono wake.

#39 fundi_sola_mbweni
Picha zimeingia. Tatu ni za maji, moja imefungwa kabisa, za kampuni tofauti, hapo ndipo kosa la kwanza. Kwenye moja naona kifuniko hakipo, kimezibwa na mfuko wa plastiki na uzi.

#4 fundi, Jumamosi una nafasi? Kabla sijaondoka nataka tuukwangue ule ukuta wetu. Nitamwita na yule mzee wa chini ya mwembe.

#40 chokaa_na_boriti
Jumamosi asubuhi nipo. Chokaa ninayo imelowekwa toka Ramadhani. Njoo na ndoo mbili na brashi ya katani, ya nailoni usilete.